Usingizi Ulinipitia

Mwanangu wa kwanza alikuwa na mchango. Kwa wiki sita za mwanzo, kila ilipofika saa tano usiku alianza kulia, na akishaanza hakuna alichokubali: ziwa hataki, mgongo hataki, kuimbiwa hataki. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, mama mkwe alikuwa ameshaondoka, na mimi natembea sebuleni kutoka dirishani hadi mlangoni, nimemlaza kifudifudi juu ya mkono wa kushoto kama nilivyoelekezwa kliniki, simu mkono wa kulia. Nilisoma chochote kilichofunguka. Usiku mmoja, yapata saa tisa, ilifunguka hadithi fupi ya mwandishi Mrusi Anton Chekhov kuhusu yaya wa miaka kama 13 anayembembeleza mtoto asiyenyamaza.

Nilikuwa nimeshaisoma chuoni. Nilijua inakoishia. Hata hivyo niliisoma yote, nimesimama, na nilipofika mwisho nilimlaza mwanangu kitandani akiwa bado analia, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nilihesabu hadi mia moja. Ndipo nikarudi ndani.

Miaka minne imepita na sijaweza tena kusoma hadithi za giza la nafsi kama nilivyokuwa nikizisoma. Zamani niliwatazama wahusika wale kama mtu anavyomtazama chui kizimbani: namwogopa, namstaajabia, naenda zangu nyumbani. Usiku ule hakukuwa na kizimba.

Hadithi yenyewe ni kurasa chache tu. Chekhov aliitoa mwanzoni mwa 1888 katika gazeti moja la Saint Petersburg, akiwa na miaka 28, daktari aliyehitimu Moscow mwaka 1884 na ambaye bado aliandikia magazeti ili nyumbani kwao watu wale. Msichana anaitwa Varka, na anatumikia nyumba ya fundi viatu. Ni usiku. Mtoto amelia hadi sauti imekauka, lakini bado analia. Mbele ya picha ya mtakatifu kinawaka kitaa cha kijani, na mwanga wake umeweka doa kubwa la kijani darini. Kamba imekatiza chumba kutoka pembe hadi pembe, imeanikwa nepi na suruali kubwa nyeusi, na kila kitaa kikiyumba vivuli vya nguo hizo vinamchezea Varka usoni. Nyenje analia karibu na jiko. Chumba cha pili bwana na mwanagenzi wake wanakoroma. Kunanuka supu ya kabichi na ngozi za viatu. Varka anabembea kitanda cha mtoto, anaimba kwa sauti ya chini, na kope zake zinashikana.

Haruhusiwi kulala. Akilala, atapigwa.

Kwa hiyo anaota macho yakiwa nusu wazi. Anaona barabara pana ya tope, watu wenye mizigo mgongoni, na mara watu wale wanaanguka topeni kulala. Anamwona baba yake, Yefim, akigaagaa sakafuni kwa ngiri, maumivu yamemzidi hata hawezi kutamka neno. Daktari anakuja, mgonjwa anapelekwa hospitali usiku huohuo, na asubuhi mama anarudi kusema amefariki. Varka anatoka nje akalie, na ghafla mtu anampiga kisogoni kwa nguvu hata paji la uso linagonga mti. Anainua macho: mbele yake amesimama yule fundi viatu. Ndoto imeishia kwenye kofi la kweli, na msomaji hakuonyeshwa mahali zilipoungana. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kutafuta mshono. Sijauona.

Kunapokucha zinaanza amri. Varka, washa jiko. Varka, tayarisha chai. Varka, safisha viatu vya mpira vya bwana. Anaketi chini na kile kiatu kikubwa mkononi, anafikiria ingekuwa raha iliyoje kuingiza kichwa humo ndani alale kidogo tu, na kiatu kinaanza kukua, kinavimba, kinajaza chumba kizima. Brashi inamponyoka. Anatikisa kichwa, anayakodoa macho ili vitu viache kukua. Aliyewahi kukesha usiku nne mfululizo anajua kwamba hapa Chekhov hakutunga kitu. Mimi nilikiona kikombe cha plastiki kikipumua juu ya meza.

Kwa kurasa karibu zote hakuna sentensi inayosema Varka ana hasira. Hakuna anapomlaani bwana wala bibi. Anatumwa bia, anatumwa vodka, anasafisha samaki, wageni wanaondoka, taa zinazimwa, na amri ya mwisho ya siku ni ileile ya jana: Varka, mbembeleze mtoto. Anakaa tena chini ya doa la kijani. Anaelewa kila kitu, anawatambua watu wote, isipokuwa hajaelewa ni nguvu gani imemfunga mikono na miguu, inamkandamiza, haimwachi aishi. Anatazama huku na huku aitafute. Anaiona. Adui ni mtoto.

Anacheka. Anashangaa jambo dogo hivi limempitaje siku zote. Hata doa la kijani, vivuli na nyenje vinaonekana kucheka na kushangaa pamoja naye. Anatembea chumbani akitabasamu kwa wazo kwamba sasa hivi atafunguka. Ananyata hadi kitandani, anainama. Akishamaliza anajilaza sakafuni upesi, anacheka kwa furaha kwamba ameruhusiwa kulala, na dakika moja baadaye amelala kama maiti.

Chekhov aliishia hapo. Hakuleta polisi wala kilio cha bibi wa nyumba. Lugha yetu ina neno moja linalobeba mwisho ule: fofofo. Tunasema amelala fofofo, tunasema pia amekufa fofofo, na mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu kwamba ni neno moja.

Kuna jambo la lugha lililonikaa zaidi ya hilo. Kwa Kirusi jina la hadithi hii, Spat khochetsya, ni maneno mawili ambayo hayana mtendaji. Hayasemi nani anataka kulala. Yanasema kulala kunatakiwa, kunajitaka kwenyewe, na mtu ni mahali tu panapotokea jambo hilo. Tafsiri za Kiingereza hulazimika kuweka sifa ya mtu, mwenye usingizi, na nusu ya maana inamwagika. Kiswahili kinaweza. Kwetu usingizi ndio mtendaji: usingizi umenishika, usingizi umenichukua. Na aliyelala lindoni au mezani kazini hasemi nililala. Anasema usingizi ulinipitia.

Niliyasikia maneno hayo nikiwa na miaka minane.

Nyumbani kwetu Tanga aliletwa dada wa kazi kutoka milimani Lushoto, mdogo wangu akiwa na miezi minne. Hakuna aliyeniambia umri wake, lakini mama akiwa kazini alikuwa anaruka kamba nasi uani, na kifua chake kilikuwa bapa kama changu. Alichemsha chai alfajiri, akaenda sokoni, akapika mchana, akapiga pasi ya mkaa jioni, na usiku alilala na mtoto jikoni ili mama apumzike, maana mama naye alikuwa anaingia kazini kabla jua halijachomoza. Siku moja nilirudi shule nikamkuta amechutama mbele ya beseni la nepi, mikono imezama majini hadi viwiko, amelala. Povu lilikuwa limekufa. Kipande cha sabuni ya mche kilikuwa kimeyeyuka kiganjani mwake kikabaki ute. Nilimgusa bega, akaruka na kuanza kufua kabla hata hajafungua macho.

Majirani walimwita mvivu. Sote tuliamini.

Usiku mmoja mdogo wangu alilia sana, kisha akanyamaza, na mama aliposhuka kitandani kwenda kumtazama nilimfuata. Dada alikuwa amelala kwenye saruji. Mama alimzaba kofi. Akaamka, akapiga magoti, akasema, “Samahani mama, usingizi ulinipitia.” Mama akamjibu kwamba usingizi haumpitii mtu mwenye akili ya kulea mtoto. Nakumbuka nilikuwa upande wa mama, kwa moyo wangu wote wa miaka minane.

Mhusika wa hadithi fupi ya giza kwangu siku hizi ni mtu aliyepitiwa. Naanza hapo ninapowasoma wote, hata wale wanaojitapa kwamba walifanya kwa hiari yao.

Mwenye kujitapa kuliko wote ni yule wa Mmarekani Edgar Allan Poe, katika hadithi ya 1843 ya moyo unaodunda chini ya sakafu. Nilimjua kabla ya Varka. Kidato cha tano tulisomeana bwenini kwa tochi, aliyekuwa anasoma akinong'ona. Hana jina, wala mji alioishi hautajwi. Anachotaka ni kukuthibitishia kwamba hana wazimu, na ushahidi wake ni umakini: usiku saba mfululizo, ikifika saa sita, alifungua mlango wa chumba cha mzee polepole, akaingiza kandili iliyofunikwa, akaachia uzi mmoja tu wa mwanga uangukie jicho la mzee. Jicho la buluu lililofifia, lenye utando, kama la tumbusi. Usiku saba jicho lilikuwa limefumbwa, na kazi ikashindikana, kwa sababu hakuwa na ugomvi na mzee. Anasema alimpenda. Mzee hakumkosea wala kumtukana, wala yeye hakuitamani dhahabu ya mzee. Ugomvi wake ni na jicho.

Bwenini tulicheka kwa hofu kwa jinsi alivyopanga. Leo nasimama kwenye sentensi nyingine, iliyo karibu na mwanzo, anapokiri kwamba haiwezekani kusema wazo lilimwingiaje kwanza kichwani. Ila likishatungwa, lilimwandama mchana na usiku. Mtu anayejua hesabu ya kila usiku na upana wa kila uzi wa mwanga hajui wazo limetoka wapi. Maelezo yote yanayofuata, yale majivuno ya akili, yamejengwa juu ya shimo hilo moja. Anasema sana kwa sababu pale penyewe hana la kusema. Varka hasemi chochote, na sisi tunajua wazo lilitoka wapi: tumeliona likipikwa kwenye jiko lile, kwenye kiatu, kwenye ngazi alizozisafisha. Kwa Poe sababu haipo na maneno yamejaa. Kwa Chekhov sababu zimejaa hadi pomoni, na hakuna neno.

Sitaki kumpunja Poe. Lipo jambo alilolifanya ambalo Chekhov hakulijaribu, nalo Waswahili wa pwani tuna kitenzi chake. Pwani mtu akikuzulia uongo unamsuta: unakusanya mashahidi, mnamwendea hadi mlangoni kwake, unamuuliza mbele za watu, ulisema au hukusema? Haja ya mashahidi ni kubwa kuliko haja ya jibu. Ndiyo maana tunasema dhamiri inamsuta mtu, ingawa tumeshalizoea neno hatulioni tena. Tazama sasa Poe anavyofanya. Usiku wa nane mzee anaamka, na muuaji, gizani, anasikia sauti ya chini, nzito, ya haraka, kama ya saa iliyofungwa ndani ya pamba. Anasema ni moyo wa mzee. Anaua, anauficha mwili chini ya mbao tatu za sakafu, na saa kumi usiku askari watatu wanabisha hodi kwa sababu jirani alisikia ukelele. Anawakaribisha akitabasamu. Kwa majivuno anaweka kiti chake juu ya mbao zilezile. Wanazungumza. Na sauti inarudi, na Poe anairudia kwa maneno yaleyale: ya chini, nzito, ya haraka, kama ya saa iliyofungwa ndani ya pamba.

Mashahidi watatu wameketi, mtuhumiwa yuko juu ya kiti chake, na anayemsuta yuko chini ya nyayo zake. Askari hawasikii kitu. Wanaendelea na soga zao, na hicho ndicho kinachommaliza: anaamini wanasikia, wanajua, wanamdhihaki. Hawezi kustahimili tabasamu zao. Anapiga kelele kwamba mbao zing'olewe. Wengi hubishana kama moyo ule ulikuwa wa mzee au wake mwenyewe. Kwangu jibu halibadilishi kitu. Kilichomwangusha ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa mbele za watu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Poe alitoa hadithi ya paka mweusi, na hapo mimi namfuata kwa shingo upande. Mume mlevi anamtesa mnyama aliyempenda, na katikati ya simulizi anasimama kutufundisha kwamba binadamu ana tabia ya kutenda ovu kwa sababu tu anajua ni ovu. Huenda ni kweli. Lakini mhusika akishanipa nadharia ya giza lake, giza lenyewe linapungua. Nimepewa mpini wa kulishikia. Montresor, wa hadithi ya pipa la mvinyo ya 1846, ananitisha zaidi. Anasema alivumilia makosa elfu ya Fortunato, na hatutajii hata moja. Anamjengea ukuta akiwa hai, na anatusimulia baada ya miaka hamsini, bila kupotea hata tofali. Miaka hamsini! Hadithi inasimuliwa na mzee, na mzee yule bado anaujenga ukuta.

Wapo wanaosema giza hili ni la waandishi wenyewe, na Mfaransa Maupassant hutajwa kwanza. Ni kweli aliandika hadithi ya mtu anayeamini kiumbe asiyeonekana anakunywa maji yake usiku, ni kweli kaswende ilimharibu akili, na ni kweli alifia kwenye kliniki ya magonjwa ya akili mwaka 1893, akiwa na miaka 42. Lakini hadithi ile, ya 1887, ni toleo la pili. La kwanza alilitoa mwaka uliotangulia, akaona halitoshi, akalijenga upya liwe shajara ili msomaji azame pamoja na mgonjwa siku kwa siku. Aliyepotewa na akili hapangi hivyo. Tunapomgeuza mwandishi kuwa mgonjwa tunajipa nafuu ya uongo, kwamba giza lile lina mwenyewe na mwenyewe si sisi.

Chekhov hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa mjukuu wa mtu aliyezaliwa mtumwa wa ardhi ya wengine na kujinunulia uhuru wake. Alikulia katika mji wa Taganrog, katika duka la vyakula la baba yake, akipigwa, akilazimishwa kukaa dukani usiku wakati anatakiwa kusoma, na mle dukani walikuwemo wavulana wawili walioletwa kufundishwa kazi. Alijua watoto wanavyotumikishwa. Mwishoni mwa 1886 aliandika habari za mmoja, Vanka, wa miaka tisa, aliyepelekwa Moscow kwa fundi viatu. Usiku wa mkesha wa Krismasi Vanka anamwandikia babu yake barua amchukue, anaahidi kumwombea na kumtumikia. Analalamika kwamba bwana alimburura uani kwa nywele na kumchapa mkanda, kwa sababu alikuwa anambembea mtoto wao, na bila kukusudia usingizi ulimchukua. Anaiandika anwani: kijijini, kwa babu. Anaitumbukiza kwenye sanduku la posta na kulala akiota.

Wasomaji humlilia Vanka, na mimi pia. Lakini angalia: ni nyumba ileile. Fundi viatu yuleyule, kitanda kilekile cha kubembea, kipigo kilekile kwa kosa lilelile. Vanka ana babu wa kumwandikia, hata kama barua haitafika. Kisha baada ya mwaka mmoja na ushee Chekhov akarudi kwenye kitanda kile, akamweka mtoto mwingine, akamwondolea babu, akamwondolea kalamu na karatasi, akamwachia doa la kijani tu la kutazama. Sijui hadithi nyingine inayomfikia katika ukatili huo wa kupunguza. Alikuwa anaupunguza ulimwengu wa Varka hadi vikabaki vitu vinne au vitano, ili msichana anapotafuta adui yake asiwe na pengine pa kutazama.

Usiku ule wa mchango, nilipokuwa nje kwenye ngazi nikihesabu, sikuwa namfikiria Varka kufikia sitini na kitu. Nilikuwa jikoni kwetu Tanga, nyuma ya mama, nikichungulia chini ya mkono wake. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nakumbuka kofi, magoti na yale maneno. Sasa niliona na vingine, ambavyo nadhani macho yangu yaliviona wakati ule na mimi nikavikataa.

Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga. Mkeka ulikuwa mmoja, na dada alikuwa nje yake, kwenye saruji tupu. Ile kanga ilikuwa yake. Kipande cha pili alikuwa amekikunja mara nne, akamwekea mtoto chini ya kichwa. Jiko la mkaa lilikuwa bado na moto wa mabaki, hatua moja kutoka kwenye mkeka, na dada alikuwa amejilaza katikati, mgongo kwenye jiko, mkono mmoja ameunyoosha juu ya ukingo wa mkeka kama kizuizi. Kofi lilipomfikia, kitu cha kwanza kusogea mwilini mwake kilikuwa mkono ule. Ulipapasa kumtafuta mtoto.